Taa ilizimika, au ilizimwa?

Kuna neno moja ambalo katika kitivo chetu limekuwa rungu la kuulia miswada: haiaminiki. Mtu anasoma hadithi yake mbele ya wenzake, wanamsikiliza hadi mwisho, kisha mmoja anaegemea kiti na kulitamka, na kesi imekwisha. Hakuna anayeuliza: haiaminiki kwa nani? Wapi? Na ni kitu gani hasa ndani yake kilichokataa kuaminika?

Mwaka huu rungu limemwangukia dada mmoja wa idara yetu. Ameandika, kwa Kiswahili, riwaya ya taharuki ya kisaikolojia. Mwanamke wa Katuba anaanza kuona vitu vya nyumbani vinahama mahali pake, maneno aliyoyasikia jana yanakanushwa leo, na taratibu anafika mahali pa kujiuliza kama ni ukoo wa mume unaomchezea au ni yeye aliyerukwa na akili. Mswada bado mbichi. Una sura mbili za kutupa. Lakini hukumu haikuzigusa sura hizo. Aliambiwa kwamba Katuba hakuna siri, majirani wangejua siku ya pili tu. Aliambiwa kwamba Kiswahili hakina maneno ya mambo ya nafsi. Mwishoni akapewa ushauri: kisa akihamishie Brussels, akiandike kwa Kifaransa, kitaaminika. Ushauri huo wa Brussels ndio ulionifanya nichukue kalamu.

Mimi si mtu wa fasihi. Nasoma isimu ya lugha za Kiafrika, na chakula changu cha kila siku ni viambishi. Lakini naona kwamba swali la kuaminika katika riwaya za aina hii ni la lugha kabla ya kuwa la udaktari au la jiografia, na kwamba Kiswahili, tena Kiswahili cha mji huu wa Lubumbashi, kina zana ambazo mwandishi wa Brussels angelipa fedha ili azipate.

Ugomvi wenyewe ni mzee. Sote tuliosoma sekondari hapa Kongo tumelazimishwa kupita kwenye Le Cid ya Corneille, ya mwaka 1637. Chimène anakubali, au anaelekea kukubali, kuolewa na Rodrigue aliyemuua baba yake. Wapinzani wa Corneille walipiga kelele kwamba binti mwenye heshima hawezi kufanya hivyo, na Académie française, iliyokuwa changa wakati ule, ikaombwa kutoa maoni yake. Corneille alikuwa na historia ya Hispania upande wake: jambo lilisimuliwa kuwa lilitokea. Haikumsaidia. Aristotle alikuwa amekwisha kutenganisha linalowezekana na linaloaminika, na wahakiki wa Paris waliijua tofauti hiyo vizuri. Kwa hiyo anayesema kwamba kisa fulani hakiaminiki "kwa sababu hakitokei" amekosea mlango tangu mwanzo. Yapo yanayotokea kila wiki mtaani kwetu ambayo nikiyaandika mtanicheka.

Sasa tuje kwenye riwaya zenyewe. (Nitafichua miisho. Ambaye hajazisoma na anataka kushtuka mwenyewe, aruke aya chache.)

Before I Go to Sleep ya S. J. Watson ilitoka mwaka 2011. Christine, mwanamke wa London, kila akilala kumbukumbu za siku hiyo zinafutika. Akiamka hamjui mwanamume aliye kando yake. Kwa udaktari hilo ni gumu kulikubali. Henry Molaison, mgonjwa aliyepasuliwa ubongo huko Marekani mwaka 1953 na kuchunguzwa kwa miaka mingi hadi kufa kwake mwaka 2008, alipoteza uwezo wa kuweka kumbukumbu mpya. Lakini jambo lilimtoka mara tu alipoacha kulishika akilini, halikungoja usingizi. Hata hivyo wasomaji wengi waliumeza ugonjwa wa Christine bila shida. Mimi pia niliumeza. Kilichonikwama kooni ni daftari lake.

Christine anaandika shajara ili kesho ajisome. Tunayo shajara ya kweli ya kulinganisha nayo. Clive Wearing, mwanamuziki Mwingereza aliyeharibiwa ubongo na virusi mwaka 1985, naye aliandika. Kurasa zake zimejaa tangazo moja, kwamba sasa ndipo ameamka kwa mara ya kwanza, limeandikwa, likakatwa kwa mstari, likaandikwa tena dakika chache baadaye. Hiyo ndiyo sauti ya mtu asiye na jana. Christine anajaza kurasa na kurasa zilizonyooka, zenye mazungumzo yaliyonukuliwa neno kwa neno, zenye mpangilio wa kumfurahisha mhariri, na yote hayo kwa siri kabla usingizi haujamkuta. Ugonjwa usiowezekana nausamehe. Mwandiko usiowezekana siusamehi.

Weka kando yake Gone Girl ya Gillian Flynn (2012). Matukio ya humo yanashangaza zaidi: mke anaandaa kutoweka kwake kwa muda mrefu ili mumewe ashtakiwe kwa kumuua. Nani ana subira hiyo? Lakini shajara ya Amy inaaminika, na inaaminika zaidi siku tunapogundua kuwa ni ya uongo, kwa maana hapo tunaelewa kwa nini ilikuwa tamu mno mwanzoni na kwa nini hofu ndani yake ilipanda ngazi kwa ngazi. Iliandikwa ili polisi waikute. Ina msomaji wake, na kasoro zake zote zina sababu.

Kuhusu The Girl on the Train ya Paula Hawkins (2015), wasomaji hubishana kama mlevi aliyepotewa na kumbukumbu anaweza kuzirudisha. Ubishi huo siuingii. Kinachonivutia ni kwamba Rachel anajijua kwa maneno ya kuambiwa: mumewe wa zamani ndiye aliyekuwa akimwambia asubuhi alichokifanya usiku, naye alimdanganya. Angekuwa anasimulia kwa Kiswahili, angesema "eti nilivunja", "eti nilimtukana". Neno hilo dogo, eti, limebeba riwaya nzima. Mtu anayesema eti kuhusu mikono yake mwenyewe hana haja ya kumweleza msomaji kwamba amepotea.

Kwa hiyo msomaji wa riwaya hizi huwa anamsikiliza msemaji kuliko anavyoyapima matukio. Huyu ni nani, anamwambia nani, lini, na ana haki gani ya kunyamazia analolinyamazia? Agatha Christie aliliweka swali hilo wazi mwaka 1926 katika The Murder of Roger Ackroyd, ambamo daktari anayesimulia ndiye muuaji. Baadhi ya wasomaji walisema wamelaghaiwa. Rudi usome: daktari hasemi uongo. Panapo dakika chache za mauaji anaweka sentensi moja ya jumla, anaendelea na safari. Wanaisimu tuna jina la mchezo huo tangu Paul Grice alipochapisha makala yake ya mwaka 1975 kuhusu mazungumzo: lililosemwa ni moja, linaloeleweka kutokana nalo ni jingine. Msimulizi wa taharuki akiwa muungwana, analinda la kwanza na anacheza na la pili. Akivunja la kwanza bila sababu ndani ya kisa, hapo ndipo mimi naruhusu rungu.

Na Kiswahili kina vichaka vya kujifichia, tena vya halali.

Tazama kauli ya kutendeka. "Kikombe kilivunjwa" kinadai mvunjaji, hata kama hatajwi. "Kikombe kilivunjika" hakimdai mtu. Lakini pia hakimkatai. Naweza kusema: kikombe kilivunjika, mimi ndiye niliyekivunja, sijajipinga. Basi msimulizi mwenye hatia anaweza kupita kurasa mia mbili akisema mlango ulifunguka, dawa zilimwagika, barua ilichanika, na siku ya mwisho hakuna atakayemwonyesha sentensi hata moja ya uongo. Nakiri kwamba Kifaransa nacho kina njia yake ya kusema mlango ulifunguka wenyewe. Ila kwetu -ika ni mnyambuliko wa kila siku, mtoto wa miaka mitatu anaujua na anautumia hivyo hivyo: muulize nani amevunja sahani, atakujibu imevunjika.

Tazama -ka- ya masimulizi katika maandishi ya sanifu. "Nilimwacha akiwa hai, nikarudi nyumbani, nikalala." Kiambishi kinaahidi mfuatano tu. Hakiahidi kwamba kati ya kurudi na kulala hapakuwa na saa tatu na jembe. Daktari wa Christie angekipenda.

Kuna na mtego ambao waandishi wetu wanauangukia bila kujua, nao ni kumbe. Kumbe ni neno la mtu aliyegundua. Msimulizi aliyekuwa anajua tangu mwanzo kwamba yaliyomo kwenye gunia ni maiti hana ruhusa ya kuniambia "kumbe ilikuwa maiti". Hapo amedanganya kwa neno lenyewe, na hakuna ufunuo wa sura ya mwisho utakaomwokoa. Katika mswada wa dada yetu nilihesabu kumbe sita; nne ni sahihi, mbili hazistahili. Hiyo ndiyo kasoro ya kweli ya kuaminika niliyoiona, na hakuna aliyeitaja.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa taa. Mwaka 1938 Patrick Hamilton alitoa tamthilia yake Gas Light, ambayo baadaye ilifanywa filamu, maarufu zaidi ikiwa ile ya mwaka 1944 iliyochezwa na Ingrid Bergman. Mume anamshawishi mkewe kwamba anarukwa na akili. Kila usiku mume anajifanya ametoka, kumbe yuko ghorofa ya juu anatafuta vito. Akiwasha taa ya gesi huko juu, ile ya chini inafifia, kwa kuwa gesi ya nyumba ni ile ile. Mke anaona taa inafifia na hakuna anayemwamini. Kutokana na kisa hicho Kiingereza kimepata kitenzi kizima cha kumpotosha mtu hadi aone wazimu pale alipo mzima, na kamusi ya Marekani ya Merriam-Webster ililifanya jina linalotokana nacho kuwa neno la mwaka 2022. Taharuki nyingi za leo ni wajukuu wa taa ile.

Sasa ilete taa hiyo Lubumbashi. Inafifia saa kumi na mbili na nusu jioni. Nani atashtuka? Jirani amewasha resho. Inazimika kabisa saa mbili usiku. Nani atauliza? Umeme umekatika, washa mshumaa. Ushahidi uliowaogopesha watu wa London unakufa hapa mara moja, na anayeunakili kama ulivyo ataandika kisa kisichoaminika kweli, cha kwanza kustahili rungu. Ila geuza upande wa pili. Mji ambao taa kuzimika si habari ni mji ambao mtu anaweza kuzima taa na asiulizwe kamwe. Msimulizi anasema: taa ilizimika. Msomaji wa hapa, kwa mazoea yake mwenyewe ya kila jioni, anaongeza sababu ambayo haikusemwa. Sura ishirini baadaye jirani mmoja anakumbuka kwamba usiku ule yeye alikuwa na umeme. Hakuna zaidi. Kiambishi kimoja na tabia ya nyaya zetu vimefanya kazi ambayo mwandishi wa Brussels angehitaji sura nzima ya mitambo ili aifanye. Huko Brussels taa ikizimika, mtu anapiga simu.

Nije kwenye a-. Katika lugha zetu za Kibantu kiambishi cha nafsi ya tatu hakijali mwanamume wala mwanamke. Mwaka 1986 Anne Garréta alichapisha Sphinx, riwaya ya Kifaransa ambamo jinsia ya msimulizi na ya mpenzi wake haijulikani mwanzo hadi mwisho, na watu bado wanaistaajabia, kwa kuwa Kifaransa hukusaliti kila baada ya maneno mawili. Kwetu sentensi ya namna hiyo inatoka kinywani mwa muuza mkaa bila jasho. Dada yangu wa mswada ana mgeni anayeingia nyumbani usiku; aliingia, akaketi, akatoka. Wasomaji wote wa kikundi chetu walimwona mwanamume. Yeye hakusema hivyo mahali popote.

Nisiisifu mno zana hiyo. Hapa mjini hatuwataji watu kwa a- tupu kwa muda mrefu. Tunasema ule mama, ule baba, yaya, mama wa fulani. Msimulizi anayezunguka sura nzima bila kumwita mtu kwa jina la heshima atashukiwa haraka kuliko angeshukiwa huko Ulaya, maana amekosa adabu kabla hajakosa ukweli. Oa na olewa navyo vinafichua. Shemeji inasaidia kiasi, maana yaweza kuwa mwanamume au mwanamke kulingana na anayesema. Kwa maoni yangu a- inafaa kwa usiku mmoja na mgeni mmoja. Kitabu kizima itakichosha.

Lakini usiku huo mmoja unatosha, kwa sababu asubuhi yake watu wanakwenda polisi. Na polisi, wenzangu, ndipo Kongo inapokuwa paradiso ya taharuki. Katiba yetu ya mwaka 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba kuwa lugha za taifa. Shahidi anasema kwa lugha ya taifa. OPJ anaandika PV kwa lugha rasmi. Shahidi anasema: "Alikuya mangaribi, aliingia, alikaa kiloko, alitoka, alifunga mulango." OPJ ana kalamu mkononi na lazima aandike "il" au "elle". Hakuna njia ya tatu, na foleni nje ni ndefu. Kwa mazoea anaandika "il". Shahidi anasomewa maneno yake kwa Kifaransa asichokijua vizuri, anatia sahihi. Tangu hapo upelelezi mzima unamtafuta mwanamume. Hakuna aliyesema uongo: shahidi, ofisa, wala msimulizi. Nimezisoma taharuki za Ufaransa na Uingereza kadiri ninavyozipata kwa kuazima, na kosa zuri kama hili, la kawaida kama hili, sijalikuta. Haliwezi kutungwa na mtu anayeishi ndani ya lugha moja.

Zibaki zile hoja mbili za kikundi. Kuhusu maneno ya nafsi sitapoteza wino mwingi. Wasiwasi, wahaka, kiwewe, kihoro, jinamizi, kuweweseka, kusutwa na nafsi: anayesema lugha hii haina maneno afungue kamusi kabla ya kufungua mdomo. Kezilahabi alimwingiza msomaji kichwani mwa Kazimoto mwaka 1974, katika Kichwamaji, hadi pale kijana yule anapojiua, na hakuomba ruhusa ya lugha yoyote.

Hoja ya pili ina uzito. Ni kweli kwamba taharuki ya Kizungu inategemea nyumba yenye kuta: mume, mke, bustani, mlango wa nyuma, jirani anayechungulia kwa dirisha bila kujua majina. Katika lupango la Katuba milango minne inatazamana, bomba ni moja, na choo ni kimoja. Mke hawezi kufungiwa siku tatu bila mtu kuona. Nakubali. Ila kuona na kusema ni vitu viwili, na wote tuliokulia kwenye lupango tunajua umbali uliopo kati yao. Mama wa mlango wa pili ameona. Fundi baiskeli ameona. Mtoto wao ameona na amekanywa. Wanamsalimia yule mke kila asubuhi kwa uchangamfu, wanamuuliza habari za nyumbani, anajibu nzuri, wanaitikia nzuri. Katika riwaya ya London mwanamke anaogopa kwamba hakuna anayejua. Katika riwaya ya Katuba anaanza kuogopa kwamba wote wanajua isipokuwa yeye. Mimi ya pili inaninyima usingizi zaidi. Wala haihitaji ukuta wowote, inahitaji mwandishi anayeyajua maamkizi yetu na anayejua ni wapi "nzuri" hutamkwa haraka mno.

Hapo linarudi swali la daftari. Nani hapa anaandika shajara ya kurasa ishirini kila usiku? Mswada wa dada yetu una shajara, na naam, hilo ningemshauri aliondoe. Lakini mama zetu na dada zetu, ambao hawajawahi kuandika barua ya ukurasa mmoja, wanatuma odio za dakika saba kwenye WhatsApp, wakieleza nani kasema nini na sauti ilikuwaje, huku sufuria inachemka nyuma. Ni masimulizi ya nafsi ya kwanza, yana msikilizaji anayejulikana, yana saa na tarehe, na yanafutika, tena yakifutwa yanaacha alama kwamba palikuwa na kitu. Msikilizaji anaweza kuwa dada aliyeko Kolwezi, ambaye anajibu kwa ufupi, kisha kwa ufupi zaidi. Tena odio inaleta jambo ambalo karatasi haiwezi: Kiswahili chenyewe kinabadilika. Mtu anayezungumza Kiswahili cha Lubumbashi, akikaribia analolificha, ghafla anapanda kwenye Kiswahili bora cha kanisani, au anakimbilia Kifaransa. Kila mmoja wetu amewahi kumsikia mjomba akifanya hivyo kwenye kikao cha ukoo na kujua, kabla hajamaliza sentensi, kwamba fedha zimeliwa.

Limebaki jambo ambalo kikundi hakikulisema kwa sauti, nami nadhani ndilo lililokuwa chini ya mengine yote. Vitu vinahama nyumbani, mke anasikia sauti, ukoo wa mume unanong'ona: msomaji wa hapa ana neno lake tayari, nalo ni ulozi. Waliosema kisa kipelekwe Brussels walitaka kukitoa mahali ambapo maelezo hayo yanaweza kutolewa. Naona ni woga. Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilianza hapo hapo walipopaogopa: Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960, inaweka maiti mahali pa mzimu huko Unguja, kisha inamwacha Bwana Msa, mwenye kiko chake, atafute mkono wa mtu pale ambapo wengine wanaogopa mkono usioonekana. Abdulla hakumwondoa msomaji wake kisiwani ili aaminiwe. Alitumia imani ya msomaji kama pazia, na mkosaji akajificha nyuma yake kama mkosaji yeyote mwenye akili angefanya.

Tofauti ni kwamba katika riwaya ya upelelezi Bwana Msa analivuta pazia na mambo yanakwisha. Taharuki ya kisaikolojia haina Bwana Msa. Ina mwanamke mmoja ambaye usiku anaamini ni ulozi na mchana anaamini ni shemeji, na mchungaji anayemsikiliza chumba cha maombi, ambaye hapa kwetu mara nyingi ndiye anayefikiwa kabla ya daktari wa akili. Mchungaji naye ana maelezo yake tayari na hana haja ya kuuliza nani alizima taa. Kama mwandishi aamue mwishoni, au auache msomaji wa Katuba na msomaji wa chuo kila mmoja aondoke na kisa chake, sijui kanuni ya kumpa. Dada yetu ameacha mlango wazi katika sura ya mwisho, na kikundi kilitaka aufunge. Mimi ningeuacha, ila ningebadili kitenzi: ameandika "mlango ulifunguliwa".